Alhamisi Saa Kumi: Mwaka Nilioacha Pombe

Mwezi uliopita Papa Anselme alitimiza miaka themanini, na watoto wake wakatuita Kipushi tule naye. Uani kulijaa watu, wajukuu na majirani na wanakwaya, lakini mzee alikuwa amepanga meza moja ndogo pembeni, chini ya turubai, akasema hiyo ni ya "bantu ba jeudi", watu wa Alhamisi. Tulikaa wanne: yeye, Mama Charlotte, Mwalimu Fidèle, na mimi. Hatukuanza na habari za afya wala za watoto. Tulianza kubishana juu ya samaki. Charlotte alishikilia kwamba siku niliyofika kwao mara ya kwanza tulikula thomson wa kukaanga kwa nyanya. Fidèle akaapa kwamba walikuwa ndakala, dagaa wakavu. Papa Anselme akasema wote wawili wanasema uongo, maana mimi sikula chochote siku ile, nilishika sahani tu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Tukacheka mpaka Fidèle akavua miwani. Mjukuu mmoja wa mzee, msichana wa chuo kikuu, alikuwa amesimama na sinia la mikate akitusikiliza. "Kambo," akamwuliza babu yake, "mulikuwaka munafanya nini kila jeudi?" Mzee akamjibu, "Tulikuwa tunakula, na hatukuwa tunakunywa." Msichana akaondoka na sinia lake, na niliona wazi kwamba jibu halikumtosha. Sura hii naiandika kwa ajili yake.

Sitaanza na wazazi wangu. Watu wakisikia mwanamke alikuwa mlevi, wanatafuta haraka nani alimharibu, na wakimpata wanatulia. Hakuna aliyeniharibu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nilikuwa na kazi niliyoipenda, na nilikuwa nakunywa. Kazi yenyewe ilikuwa katika saluni ya Mama Odette, mtaa wa Hewa Bora: chumba kimoja chenye mlango wa barabarani, viti viwili vya kusukia, kioo kirefu kilichopasuka kona, na pazia la maua. Nyuma ya pazia palikuwa na jiko la makaa, ndoo za maji na rafu ya dawa. Hata leo nikifumba macho nasikia harufu yake, mafuta ya nazi na nywele zilizoungua kidogo na chai ya Mama Odette iliyokuwa haishuki jikoni. Kwenye rafu, nyuma ya chupa za mafuta ya nywele, palikuwa na chupa moja iliyofanana na nyingine zote, lebo ileile na kifuniko kilekile cha kijani, ila ndani yake mlikuwa na lutuku, pombe kali ya mahindi wanayoipika watu majumbani. Nilikuwa naaga wateja kwamba naenda kuchanganya dawa. Asubuhi mara moja, ili mikono itulie. Kabla ya saa sita mara mbili, tatu. Wateja walinisifu kwa wepesi wa mikono, nami nilijua kwamba bila ile chupa mikono hiyo isingeshika hata chanuo. Sasa nina miaka hamsini na naweza kuonyesha kwa kidole mahali ugonjwa ulipokuwa umefika: nilikuwa sinywi tena ili nifurahi, nilikuwa nakunywa ili niwe kama watu wengine. Wakati ule sikuliona hilo. Nilijiona mtu anayejua kupanga mambo yake.

Kisha ikaja Jumamosi ya Nadège. Alikuwa bibi-arusi, msichana mwenye macho makubwa na sauti ndogo, na alifika saa moja asubuhi na shangazi yake, misa ikiwa saa tano. Nilimpaka dawa ya kulainisha nywele, ile isiyotakiwa kukaa kichwani zaidi ya dakika chache, nikamwambia narudi sasa hivi. Nakumbuka nimeketi nyuma ya pazia juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nakumbuka jua dogo la dirishani likinigusa mguu, na nikiwaza kwamba maisha ni matamu. Baada ya hapo nakumbuka kelele. Mama Odette alikuwa amemwinamisha Nadège kwenye beseni, anammiminia maji jagi baada ya jagi, na nywele zilikuwa zinashuka pamoja na maji. Shangazi ndiye aliyekuwa anapiga kelele. Nadège hakupiga kelele. Aliuliza tu, uso wake ukiwa ndani ya beseni, "Zitarudia? Mbele ya misa zitarudia?" Swali lile limekaa nami miaka ishirini na mitatu.

Nilijificha nyuma ya pazia kama mtoto, na kutoka pale nikasikia wakinizungumzia. "Muntu kama huyu unamuacha anagusa bichwa ya bantu?" shangazi alisema. "Fukuza yeye leo!" Mama Odette akajibu polepole, "Nitamutosha ku kazi, mama, iko kweli. Mais haiko muntu mubaya. Iko mugonjwa." Shangazi akacheka kwa hasira. "Mugonjwa ya nini? Sasa bulevi njo bugonjwa?" Mama Odette akasema, "Ndiyo. Njo bugonjwa yenyewe." Msomaji atadhani neno lile lilinifariji. Liliniudhi kuliko matusi yote. Mtu mbaya anaweza kuamua kesho kuwa mwema. Mgonjwa anahitaji watu, na mimi sikutaka kumhitaji mtu. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda nyumbani, nikamwaga kila tone lililokuwamo chumbani mwangu, nikajifungia ili kumwonyesha Mama Odette kwamba siumwi chochote.

Siku ya kwanza nilitokwa jasho tu. Siku ya pili sikuweza kubeba kikombe. Asubuhi ya tatu siafu wekundu walikuwa wanapanda ukutani kwa mistari, maelfu, na kila nikiwafuta kwa kanga walirudi. Mama Odette alinikuta nikiufuta ukuta mtupu. Alikuwa amekuja kunirudishia vitu vyangu, mkasi na aproni katika mfuko wa plastiki, na nadhani alikuwa amejiandalia hotuba. Hakuitoa. Aliuweka mfuko chini, akanishika kiunoni, akanitoa mpaka barabarani akasimamisha teksi, na njia nzima mpaka zahanati alikuwa ananiambia, "Nyamaza, Béa. Nabiona bile bidudu. Nabiona. Tunaenda kubifukuza." Hakuwa anaona kitu, bila shaka. Uongo ule ni miongoni mwa mambo mema niliyowahi kutendewa.

Muuguzi pale zahanati alikuwa Papa Kalenga, mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Alinilaza siku sita, akanipa dawa za kutuliza na sindano za vitamini, na siku ya nne, nilipoweza kusikiliza, alivuta kiti. "Béa, ulifanya bubaya moja," akasema. "Haiko kuacha pombe. Ni kuiacha peke yako, kwa mara moja. Mwili yako ilizoea. Kila siku pombe ilikuwa inaisukuma chini, na yeye inajisukuma juu ili isilale. Sasa umetosha pombe, mwili inaendelea tu kusukuma. Njo ile kutetemeka. Njo bile bidudu ku ukuta. Muntu anaweza kufa vile." Nikamwambia kwamba mimi nilidhani nimerogwa. Akatikisa kichwa. "Kama ni bulozi, basi ni bulozi yenye najua kipimo yake." Nikamwuliza kama sasa nimepona. Alitazama kalamu zake kwanza. "Kutetemeka kumepona. Ile hamu itarudi, na kwa ile mi sina sindano. Jeudi utaenda pahali fulani. Saa kumi. Usikule mbele ya kwenda."

Mahali penyewe palikuwa chumba nyuma ya parokia, ambamo vijana wa bendi walihifadhi ngoma zao. Mlikuwa na viti saba na hakuna viwili vilivyofanana: kimoja cha shule, kimoja cha ofisi chenye magurudumu matatu badala ya manne, kimoja kilichong'olewa kutoka basi bovu. Kando ya mlango palikuwa na mbabula, jiko la makaa, na juu yake sufuria ya bukari, ugali wa kwetu. Papa Anselme, aliyekuwa fundi wa injini za treni kabla pombe haijamwondoa na kabla yeye hajaiondoa pombe, ndiye aliyekuwa anasonga. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa saa. "Saa kumi njo saa yenyewe mubaya," aliniambia, na ilikuwa kweli, ndiyo saa ambayo baa zote za mtaa hutoa viti vya plastiki nje na kufungua muziki, na koo la mlevi hujua wakati kuliko saa ya ukutani. Kwa hiyo saa hiyo ndiyo tuliyokaa pamoja. Sheria ya pili ilikuwa kwamba hakuna kusema chochote kabla ya kula. Mnanawa, mnakula, bukari na sombe ya majani ya muhogo na samaki wowote aliyepatikana, na vijiko hakuna. Alisema mtu mwenye tonge mkononi hawezi kudanganya vizuri. Na hakuna aliyeruhusiwa kuahidi kwamba hatakunywa tena maishani. Ulisema la leo tu: leo sikunywa.

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na watu wenye huzuni. Badala yake nilikuta Charlotte. Alikuwa na miaka kama arobaini, mjane, mwenye kicheko kilichoamsha ngoma za bendi zikavuma zenyewe, na kwa miaka mingi alikuwa amepika na kuuza lutuku uani kwake, akionja kila pipa mpaka kuonja kukawa ndiyo kazi. Alipoacha alibaki na pipa. Akalilaza, akalikata mlango ubavuni, akalifanya tanuri la mikate. "Mais bakiliya bangu habakujua!" alitusimulia juu ya wateja wake. "Banakuya asubui na machupa ya bule. Minaweka mukate mu mukono. Banakasirika, banatukana! Na mukate banakula." Mwalimu Fidèle alikuwa kando yake, mwembamba, akisema kila sentensi kana kwamba anasomea darasa imla. Yeye kwa miaka miwili alifundisha akiutazama ubao, mgongo kwa wanafunzi, ili wasisikie pumzi yake. "Chupa zangu zote," akasema Alhamisi moja, "nilizinunua kwa mama huyu." Charlotte alijifunika uso kwa kitenge, nasi hatukujua kama anacheka au analia, na alipojifunua alikuwa anafanya yote mawili. Papa Anselme akasema bukari inapoa.

Nilianza kungojea Alhamisi kama watu wanavyongojea sikukuu. Nilisikia njaa, jambo nililokuwa nimelisahau. Nilijua ladha ya chumvi. Asubuhi niliamka na kukuta niko hapohapo nilipolala, na ngozi yangu ilikuwa inanukia sabuni tu. Mama Odette alinirudisha kwa hatua, kwanza kufagia, kisha kuosha nywele, na mwezi wa sita, Jumatatu moja kabla ya saa sita, akaniambia nirudi na mkasi wangu, kuanzia kesho kiti cha pili ni changu. Nilitoka pale nimejaa furaha kiasi cha kutaka kuimba barabarani, na furaha ile ikanipeleka moja kwa moja mpaka baa. Nimelifikiria sana jambo hili. Siku zote nilikuwa nimejilinda dhidi ya huzuni, nikiamini ndiyo inayoninywesha. Hakuna aliyeniambia kwamba habari njema nazo zingeujua mlango ule. Nilitaka kusherehekea, na mwili wangu haukujua njia nyingine ya kusherehekea. Nilikunywa siku mbili. Alhamisi sikwenda, na Alhamisi iliyofuata pia, ingawa wakati huo nilikuwa sijanywa kwa wiki nzima. Pombe nilikuwa nimeiacha tena. Aibu ndiyo sikuweza.

Charlotte alikuja kesho yake, mchana kweupe, na sufuria kichwani iliyofunikwa kwa taulo. Hakubisha hodi. Alikaa sakafuni, akafunua, akanawa. "Kuya tukule," akasema. Nikamwambia sistahili. "Mi sikuulize kama unastahili. Nakuuliza kama uko na njala." Nilikuwa nayo. Tulimaliza sufuria, na ndipo aliponiambia, akiramba vidole, kwamba yeye alianguka mara tatu, na Fidèle mara tano, na kwamba Papa Anselme hasemi idadi yake kwa sababu anaona haya mbele ya Fidèle. Alhamisi iliyofuata nilikwenda naye, nikala, nikasema yote. Nilipomaliza nikasema nimepoteza miezi sita. Papa Anselme alikuwa anakwangua sufuria. "Nani amekuambia zimepotea?" akauliza. "Train ikitoka ku njia, hatuendeke kuianzisha upya tangu Kipushi. Tunairudisha ku njia pale penye ilitoka." Kisha akanipa ukoko, ambao kwa kawaida alijiwekea mwenyewe.

Sitaki msichana wa sinia adhani kwamba sisi wote saba tulitoka salama. Jean-Marie, aliyekaa kwenye kiti cha basi na aliyeimba vizuri kuliko sisi sote, alirudi kwenye pombe mwaka uliofuata na ikamuua. Hakuwa dhaifu kuliko mimi. Nimekataa kabisa kuamini kwamba nilistahili zaidi yake, na kila nikisikia watu wakisema mlevi hana nia, namkumbuka yeye, alivyokuwa anatembea kutoka mtaa wa Kampemba kwa miguu katika mvua ili asikose saa kumi.

Mwezi wa tisa nilimwambia Mama Odette kwamba nataka kwenda kwa Nadège. Alivaa viatu vyake vya misa akanisindikiza. Nadège alikuwa anaishi na mume wake karibu na mjini, nyumba yenye sebule safi na kochi lililofunikwa vitambaa vyeupe, na alipofungua mlango aliitazama kwanza mikono yangu. Nilisema niliyokuja kusema, nikiwa nimesimama. Nilisema nilikuwa nimelewa, si kwamba dawa ilikuwa mbaya, maana hivyo ndivyo nilivyokuwa nimewaambia watu. Alinisikiliza, kisha akaingia chumbani, akarudi na picha ya harusi. Pale kanisani alikuwa amefungwa kilemba kirefu cha kitambaa cheupe ambacho shangazi yake alikishona kwa dakika arobaini. Alionekana kama malkia. "Ba soeurs ya bwana yangu bote banakitaka," akasema kuhusu mawifi zake, na tabasamu likamponyoka. Mama Odette akacheka, nami nikaanza kucheka, lakini Nadège akanyanyua mkono. "Mais nililia, Béa. Usifikiri sikulia. Nililia mu chumba ya sakristia, peke yangu, siku ya furaha yangu." Nikamwambia najua. "Nyosha mikono," akasema. Nikainyosha juu ya meza. Aliitazama muda mrefu. Haikutetemeka. "Bon," akasema. "Nimeiona. Mais nywele yangu hutagusa." Nikamwambia ni haki yake. Alituletea juisi ya machungwa, tukanywa, tukaondoka. Nywele zake sijazigusa mpaka leo. Lakini barabarani nilijiona mwepesi, na Mama Odette alinishika mkono kama wasichana wa shule wanavyoshikana.

Na mwishoni mwa mwaka ule, Fidèle akamwoa Charlotte. Alitutangazia Alhamisi moja, baada ya kula, akiwa amesimama wima kando ya ngoma. "Nimefikiri kwa muda mrefu," akasema kwa sauti yake ya imla, "na nimeona kwamba huyu mwanamke aliniuzia mabaya mengi sana. Basi anilipe kwa kunivumilia." Charlotte akamtupia kitambaa cha sahani. Harusi ilifanyika Kipushi, uani kwa Papa Anselme, Jumamosi, saa nane mchana. Kulikuwa na mbuzi wawili, mikate kutoka pipa la bibi-arusi mwenyewe, soda, na munkoyo, kinywaji kitamu cha mahindi, uliopikwa asubuhi ileile ili usipate muda wa kuchachuka. Wanafunzi wa Fidèle walikuja mstari mzima, wamevaa sare, wakamtazama mwalimu wao uso kwa uso. Muziki ukaanza. Mimi nikaenda jikoni kuosha masufuria.

Niliosha sufuria moja iliyokuwa safi mara mbili. Ukweli ni kwamba niliogopa. Tangu nikiwa na miaka kumi na sita sikuwahi kucheza muziki bila kunywa kwanza, hata wimbo mmoja, na sikujua kama inawezekana, kama miguu inaondoka yenyewe. Watu walikuwa wananijua kwamba mimi ni mchezaji. Katika kila karamu nilikuwa wa kwanza kuingia katikati. Charlotte alinikuta mle, gauni lake jeupe amelikunja mpaka magotini lisiguse majivu. Alinitazama, akachukua sufuria mikononi mwangu, akaiweka chini. "Na mi pia," akasema. "Tangu ile wakati, hata siku moja sijacheza. Nilingojea mwenye kuanza naye." Tukatoka tukiwa tumeshikana, mikono yangu ikiwa na povu.

Nilicheza. Miguu ilikwenda, lakini haikwenda na ngoma. Ngoma ilikuwa upande huu, mimi nikafika upande ule. Nilipoifuata, ilikuwa imeshaondoka. Nilijitahidi zaidi na ikawa vibaya zaidi. Nikamwona Mama Odette mbele yangu, amesimama na sahani yake, mdomo wazi. "Béa!" akapiga kelele juu ya muziki, watu wote wakageuka. "Miaka yote ile tulikuwa tunasema, huyu mutoto anacheza mubaya juu ya pombe. Kumbe haikuwa pombe! Njo weye!" Uani mzima uliangua kicheko. Papa Anselme alilazimika kukaa chini. Charlotte aliniegemea, akilia kwa kucheka, na mimi nikasikia kicheko changu kikitoka tumboni, kikubwa, kisichokuwa na kitu kingine chochote ndani yake. Sikurudi jikoni. Nilicheza na Charlotte, nikacheza na Fidèle aliyekuwa mbaya kuliko mimi, nikacheza na wanafunzi wake, na watu walikuwa wanatupisha ili tusiwakanyage. Nilicheza vibaya mpaka jua likashuka nyuma ya mgodi wa Kipushi, na asubuhi yake, nikiwa bado kitandani, niliweza kuzitaja nyimbo zote, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio zilivyopigwa.